Gari ya mwendo au gari ya nyumbani? Mama naye aketi kwenye usukani

MAONI. Kayna, kusini mwa Lubero.

Baba wa Kayna akipata pesa ya gari, cha kwanza anachouliza ni motere. Viti atavihesabu baadaye. Anafungua kapo, anainama, anamwomba shofere akanyage kidogo, anasikiliza mlio, kisha anatabasamu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Mama yuko pale kando, mtoto mgongoni, na hakuna anayemuuliza kitu. Ndivyo inavyokuwa mpaka leo Butembo, mahali yanapouzwa magari yaliyoingia kwa Kasindi. Ndivyo ilivyokuwa pia Kayna na Kirumba wakati maharagwe, viazi na kahawa vilipokuwa vinasafiri bila mtu kuhesabu barieri.

Kupenda gari si dhambi. Kijana aliyekulia kando ya barabara ya kitaifa namba 2 amelala na kuamka na sauti za Fuso zikipanda mlima kwa vitesi ya kwanza. Akifika miaka 12, anaweza kutaja gari kabla haijatokea kwenye kona. Subaru anaijua kwa mbali: pistoni zake zimelala, zinakwenda upande kwa upande badala ya kupanda na kushuka, na mlio wake haufanani na wa nyingine. Kijana huyo akikua, akaoa, akazaa, mapenzi hayo hayafi. Anabadilisha maneno tu. Anasema anatafuta gari "ya familia", kumbe macho yako kwenye turbo.

Shida ni barabara, na yale yaliyotokea juu yake.

Mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, Kanyabayonga ilianguka, na katika siku zilizofuata ikawa zamu ya Kayna na Kirumba. Watu walipanda barabara hiyo kuelekea Kaseghe, Alimbongo, Lubero, mpaka Butembo. Wengi walikwenda kwa miguu, godoro kichwani, mbuzi kwa kamba. Wengine kwa pikipiki: baba mbele, watoto wawili katikati, mama nyuma na sufuria. Mwezi wa 12 wa mwaka huohuo mapigano yakapanda tena kuelekea Lubero, na familia zilizokuwa zimeanza kupumua zikafunga mizigo mara ya pili. Waliokuwa na gari walikuwa wachache. Aliyekuwa nayo hakubaki kuwa mwenye gari tu. Akawa mtu wa kuombwa na kila nyumba: chukua huyu mgonjwa, chukua huyu mzee, chukua hata watoto peke yao, sisi tutafuata.

Ndiyo maana swali la gari gani inafaa kwa mpenda mwendo mwenye familia si swali la matajiri peke yao. Linamhusu pia jirani asiye na gari, kwa sababu siku ya mbio yeye ndiye anayebaki au kuchukuliwa.

Na jambo moja lisemwe wazi: familia ya Kayna haiingii yote ndani ya gari moja. Watoto sita, bibi, shangazi aliyefiwa, mtoto wa dada anayesoma pale nyumbani. Anayemwambia baba kwamba kuna gari itakayowabeba wote pamoja na mizigo, huyo anauza gari. Gari inayofaa ni ile inayowafikisha wa kwanza Kaseghe, inageuka, inarudi kuchukua wengine, na wakati wote huo bado ina esansi, mapine yake ni mazima na motere haijachemka. Hapo ndipo nguvu ya gari inapimwa. Mwendo una maana hapo pia, usidharauliwe: shofere anayejua kona, anayejua kushusha vitesi kabla ya mteremko badala ya kuchoma freni, anarudi mapema kuliko mwoga. Mapenzi ya baba yanaweza kuwa faida ya nyumba nzima, mradi yasiwe ndiyo yanayochagua peke yake.

Watengenezaji wa magari wanamfahamu sana baba huyu. Mwaka 1994 Audi na Porsche walishirikiana kutoa RS2, gari ya nyuma ndefu ya kubebea watoto na mbwa, yenye nguvu za farasi 315. Wajapani nao wakafanya yao. Toyota Caldina GT-T ya mwisho wa miaka ya 1990, ukiitazama kwa nje, ni gari ya mwalimu anayekwenda sokoni. Ndani ina motere ya turbo ileile ya familia ya Celica za mashindano, farasi 260, na inavutwa na magurudumu yote manne. Subaru Legacy na Forester za turbo zilipita njia hiyohiyo. Magari hayo yakishazeeka Japani, yanapakiwa melini, yanateremka Mombasa au Dar es Salaam, na mengine yanaishia huku kwetu. Kwenye picha ya simu ni mazuri sana.

Tena mpenda turbo ana hoja ambayo wengi hawaijui. Barabara kati ya Kayna na Lubero inapita milima inayozidi mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu iliyokuwa nayo pale Mombasa. Ndiyo maana gari iliyokuwa na haraka kwenye uwanda inaanza kulalamika ikikaribia ukungu wa Alimbongo. Turbo inasukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo yenyewe inachoka kidogo tu. Hoja hiyo ni ya kweli.

Lakini turbo ya aina hiyo inadai esansi safi, ya kiwango cha juu. Esansi inayouzwa kwa bidoni na chupa kando ya barabara imepita mikononi mwa watu wangapi, imechanganywa na nini? Motere ya turbo ikinyweshwa esansi dhaifu, moto unawaka ndani kabla ya wakati wake. Utasikia kama misumari inatikiswa ndani ya kopo. Ukiendelea kukanyaga, pistoni inatoboka. Turbo inadai pia mafuta mazuri ya motere, yabadilishwe kwa wakati, na motere iachwe ipumue kidogo kabla ya kuzimwa. Siku ya kukimbia, nani anakumbuka hayo? Halafu ikiharibika Musienene, piesi itafutwe Kampala, na fundi wa pale anayejua Toyota kama anavyojua nyumba yake anakuna kichwa.

Kuna mtu mmoja ambaye historia yake ingefaa kusimuliwa katika kila garaji ya Butembo. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, katika familia ya wafanyabiashara wa asili ya Kihindi. Idi Amin alipowafukuza watu wa asili ya Asia mwaka 1972, familia yake ikaacha mali na kuhamia Kenya. Waliohama Kayna hawahitaji kuelezwa hilo ni jambo gani. Mwaka uliofuata, 1973, Mehta alishinda Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki ambayo wakati ule yalikuwa na karibu kilometa 5,000 za vumbi, matope, mawe na mifugo barabarani. Alikuwa anaendesha Datsun 240Z, gari ya viti viwili, nzuri, ya chini, ile ambayo kijana yeyote angebandika picha yake ukutani.

Halafu akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara nne mfululizo. Safari hizo nne hakuwa tena na gari ya viti viwili. Alikuwa na Datsun Violet, ambayo Ulaya waliiita 160J: gari ya kawaida ya nyumbani, yenye umbo la sanduku, ambayo karani wa ofisi angeweza kuinunua ili apeleke watoto shule. Mafundi waliifanyia kazi kubwa, bila shaka. Waliiongezea nguvu, wakakaza bodi, wakaimarisha miguu, wakaweka bamba la chuma chini ya motere, wakaipandisha juu kidogo. Lakini asili yake ilikuwa hiyo. Gari ya mwendo ilimpa Mehta ushindi mmoja, gari ya nyumbani iliyokazwa vizuri ikampa minne.

Hakuwa peke yake. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, gari ya mviringo ya familia za Sweden. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967 na Peugeot 404, ambayo sehemu kubwa ya Afrika waliijua kama taksi. Wazee wa huku waliopanda 404 wakiwa vijana hawatashangaa.

Kwa hiyo mpenda mwendo wa Kayna asione aibu kununua gari ya nyumbani. Anunue isiyo na makuu, kisha pesa ile ambayo ingekwenda kwenye turbo aiweke chini: amotisere mpya, springi ngumu, mapine yenye meno, freni nzuri, bamba la chuma la kulinda motere. Hayo ndiyo yaliyowapa ushindi akina Mehta, na hayo fundi wa Butembo anayaweza. Hata raha ya kuendesha ipo hapo. Gari yenye amotisere nzuri inakata kona za Lubero kwa utulivu ambao ile ya farasi 260 yenye miguu iliyochoka haiujui.

Sasa ipi? Noah ina viti 8, na mama wengi wanaipenda kwa sababu hiyo. Lakini ni ya chini, na msimu wa mvua tumbo lake linakaa juu ya matope huku magurudumu yanazunguka bure. Kwa anayekaa Butembo na kwenda Beni, ambako ujenzi wa lami ulizinduliwa mwaka 2021 kwa ushirikiano na Uganda, Noah inaweza kuwa chaguo zuri. Kwa anayewaza kurudi Kayna, hapana. Prado inapita popote na viti inavyo, lakini inakunywa, bei yake ni ya kiwanja, na kuna jambo ambalo watu husema kwa sauti ya chini: jipu kubwa inawapendeza pia wenye silaha. Gari ambayo kila barieri inaiangalia mara mbili si utulivu wa familia. Mark X na ndugu zake wa chini ni za harusi.

Probox watu wanaicheka, na wanakosea. Ilitengenezwa kama gari ya kazi, motere yake ya 1.5 ni nyepesi na inanyonya esansi kidogo, piesi zake ziko kila mahali, na shofere wa Kenya na Uganda wameonyesha mara nyingi, pengine zaidi ya inavyotakiwa, kwamba inakimbia. Ikipandishwa kidogo inavumilia. Lakini nyuma haina raha. Bibi akikaa humo kutoka Kayna mpaka Lubero atashuka na mgongo wa kukunjika.

Zinabaki RAV4 na Forester isiyo na turbo. Zote mbili ziko juu ya ardhi kiasi, zote zinapatikana na nguvu kwa magurudumu manne, zote zinaendeshwa kwa raha. Mpenda mwendo atachagua Forester kwa sababu motere yake iliyolala inashusha uzito wa gari, na kwenye kona haiyumbi. Ana haki. Lakini kwa familia iliyohama, RAV4 inashinda kwa sababu moja isiyo ya kupendeza: inauzika haraka. Siku familia iko Butembo, karo ya shule imefika, mtoto amelazwa na pesa imekwisha, gari ndiyo ng'ombe iliyobaki. RAV4 inapata mnunuzi kabla ya wiki kwisha. Subaru inasubiri mtu mwenye mapenzi kama ya mwenyewe, na mtu huyo akijua una shida atakupa nusu.

Viti vitano, ndiyo. Ndiyo maana ya kurudi mara ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kongo tunaendesha kulia, lakini magari mengi ya Japani yana usukani kulia pia, kwa sababu yalitengenezwa kwa nchi inayoendesha kushoto. Baba anajisifu kwamba ameshazoea. Anapotaka kulipita Fuso, yeye haoni kinachokuja. Anayeona ni aliyekaa kushoto, mara nyingi mama. Kwa hiyo mama ndiye anayesema "pita" au "ngoja", na hapo maisha ya wote yako kwenye macho yake. Kwenye Hiace nyingi na Noah za zamani, mlango wa kusukuma uko upande wa kushoto tu. Japani watoto wanashukia kando ya barabara. Huku kwetu wanashukia katikati, mbele ya pikipiki inayopita. Baba aliyeangalia motere kwa saa nzima hakuuona mlango huo. Mama angeuona kwa dakika moja, kama angeulizwa.

Na hapa ndipo penye uzito kuliko turbo na mapine. Katika nyumba nyingi za Kayna, anayejua kuendesha ni mmoja tu. Vita haiombi ruhusa ya kuja siku ambayo baba yuko nyumbani. Baba anaweza kuwa Goma, Kasindi, shambani, au amezuiliwa mahali. Gari iko uani, ina esansi, ufunguo uko kwenye msumari, na mama anaondoka kwa miguu na watoto kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha. Mwenye gari anayekubali hali hiyo amenunua kitu chake mwenyewe, si cha familia, hata kama kina viti 8.

Mpenda mwendo atasema anataka vitesi vya mkono, kwa sababu otomatiki haina raha. Aulizwe: mama atajifunza ipi kwa siku chache? Otomatiki za Toyota na Subaru za zamani ni imara zikipewa mafuta yake, na mtu akijua freni na usukani, tayari anaweza kuondoka. Raha ya kubadili vitesi ni ndogo ikipimwa na siku hiyo moja. Kama baba hawezi kabisa kuishi bila vitesi vya mkono, basi ni juu yake kumfundisha mama mpaka aweze kuondoka kwenye mlima bila gari kurudi nyuma, na asimcheke akizima motere mara kumi.

Wengi watakaosikia haya hawana gari, na hawatakuwa nayo karibuni. Wako kwa familia zilizowapokea, au kwenye madarasa na makanisa, na mali kubwa waliyonayo ni pikipiki, kama ilipona. Hoja haibadiliki sana. Kijana wa motari anapochagua kati ya pikipiki yenye mbio na ile yenye kiti kirefu na sehemu ya kufungia mizigo nyuma, akumbuke nani alikaa nyuma yake mwezi wa sita. Dada yake naye ajue kuiwasha.

Kwa walio na pesa sasa, waliouza kahawa au waliopata mchango wa ndugu wa Kampala: nendeni kwenye uwanja wa magari mkiwa wawili. Baba aangalie chini, asikilize motere, apande mlima nayo, afurahi, hakuna ubaya. Kisha ashuke, ampe mama ufunguo. Mama asogeze kiti, aone kama mguu unafika freni bila kujinyoosha, ageuze usukani mpaka mwisho, afungue milango yote kutoka ndani, aangalie mtoto atashukia wapi. Amwombe muuzaji nusu saa kwenye uwanja mtupu, shofere wa kumfundisha akiwa kando yake. Muuzaji akicheka au akakataa, pesa irudi mfukoni, waende kwenye gari inayofuata.